Mshono wa Uzi wa Bluu

Mtaa wetu umekatwa katikati na mtaro. Ulichimbwa kupitisha maji ya mvua, lakini maji yenyewe yalishakataa kupita. Yamekaa humo, yameota ukijani, yamezaa mbu. Upande wa juu wa mtaro naishi mimi, mama yangu na binti yangu mdogo, ambaye kwa mdomo wake tulimpa jina la Kasuku. Upande wa chini anaishi mdogo wangu na mume wake. Kati ya mlango wangu na wake kuna ubao wa kuvukia na kelele za jirani, basi. Mimi ni fundi cherehani, na siku zote nashona nikiwa nimeelekea mlangoni, kwa hiyo mengi ya mtaa huu nimeyaona kabla hayajasimuliwa.

Mwaka huo, mvua zikikaribia, walikuja watu wa utafiti wa mbu. Walituita kwenye uwanja wa shule. Kiongozi wao alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wagonjwa, tukamwita Mtaalamu. Alisema mbu wamezizoea dawa za zamani, zile zinazowekwa kwenye vyandarua na zile zinazopulizwa ukutani, kwa hiyo inatafutwa silaha nyingine. Akainua kitambaa cheupe, chepesi, cha matundu matundu, ukubwa wa taulo. Kinatundikwa ukutani, akasema, na dawa inatoka yenyewe taratibu msimu mzima wa mvua. Mbu akiingia chumbani anachanganyikiwa, hajui amuume nani.

Kisha akasema lile lililotuharibia. Upande mmoja wa mtaro utapewa vitambaa vyenye dawa, na upande wa pili vitambaa vilevile lakini vitupu. Mvua zikiisha watapima damu zetu na kulinganisha. Nani kapata nini hakuna anayejua, hata yeye mwenyewe. Siri imefungiwa mbali mpaka siku ya mwisho. Vitambaa vya upande wa juu upindo wake umeshonwa kwa uzi wa kijani, vya upande wa chini kwa uzi wa bluu, ili wanaogawa wasivichanganye.

"Na vyandarua?" mtu akauliza.

"Vyandarua lalieni kama kawaida, pande zote mbili," akasema. "Hiki ni cha kuongezea. Hakichukui nafasi ya chandarua."

Kusikia tulisikia.

"Na hao wa kitambaa kitupu wakifa?" nikauliza mimi. Mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

Mtaalamu hakukasirika. Alisema kila mmoja wetu sasa hivi ana chandarua tu. Atakayepata kitambaa kitupu atabaki kama alivyo, hatapunguziwa kitu. Akiugua atatibiwa, na dawa ikionekana inafaa, itapelekwa kila nyumba. Lilikuwa jibu la haki. Mpaka leo sijaona kosa ndani yake, na nimelitafuta sana.

Vitambaa vililetwa na mhudumu wa afya wa mtaa, mama mmoja mnene mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa kuvitundika, halafu kupita mara kwa mara kuangalia kama bado vipo na kama uzi ni wenyewe. Kwa jinsi alivyokuwa anasogeza miwani kuukagua upindo, watoto wakamwita Bi Nyuzi, naye akalikubali jina. Nyumbani kwangu alitundika viwili, kimoja sebuleni na kimoja juu ya kitanda anacholala Kasuku na bibi yake.

Sasa, vitambaa vyetu vya kijani vilikuwa vinanuka. Si sana, lakini ukiingia ndani kutoka nje unaipata harufu ya plastiki mpya iliyochanganyika na kitu kama mafuta ya taa. Vya bluu havikunuka chochote. Kwa watu wa mtaroni utafiti ukaishia hapo hapo, siku ileile ya kwanza. Sisi tumelelewa na dawa chungu. Dawa isiyowasha, isiyonuka, isiyomkunja mtu uso, hiyo kwetu ni maji ya kunywa.

"Jamani, tumeambiwa dawa yenyewe haina harufu," alisema Bi Nyuzi. "Inaweza kuwa gundi, inaweza kuwa rangi ya uzi. Pua si maabara."

Nani amsikilize? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wa bluu wakaanza kutuita wateule. Sisi wa kijani tukaanza kutembea kwa maringo kama watu waliopewa cheo. Muuza mkaa wa upande wa chini alikuwa akinipigia kelele kutoka ng'ambo, "Habari za kijani? Mbu wenu hawajambo?" nami namjibu, "Wote wamehamia kwako, wanakusalimu." Na kweli upande wetu mbu walikuwa wachache. Walikuwa wachache miaka yote, kwa sababu sisi tuko kwenye mwinuko na maji hayasimami, lakini hilo tulilisahau wote kwa pamoja. Ukiamua kuamini jambo, ushahidi hauchelewi.

Mdogo wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, moja changa, ya pili imeshaanza kucheza. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale ambapo zile mbili hazikuvuka, na sisi sote tuliitazama kwa kuibia, bila kuitaja, kama unavyombebea mtu yai. Mume wake ni mpakiaji mizigo kwenye maghala, mtu wa maneno machache, hana neno. Mwenye maneno alikuwa mama mkwe. Alikuwa amesema mbele za watu kwamba kuna matumbo ya kupokea na matumbo ya kumwaga. Mdogo wangu alicheka siku ile, akaja kulia kwangu akiwa ameegemea cherehani.

Mama alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni na kuangalia ng'ambo. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Macho yamepungua sasa, lakini sindano bado anatembea nayo, imechomekwa kwenye kilemba. Kidole gumba chake cha kulia kiliwahi kubanwa na mlango kikaunga vibaya, kwa hiyo mshono wake wa mkono wote unalalia kushoto. Ningeweza kuutambua gizani kwa kupapasa.

"Mwenye mimba kapewa maji," alisema siku moja. "Sisi wazima tumepewa dawa."

"Hakuna anayejua, Mama."

"Pua yangu inajua."

Sikubishana naye, kwa sababu hata yangu ilikuwa inajua.

Mvua zilikuwa zimeshakolea nilipogundua. Ilikuwa mchana, nakata gauni la mteja kitandani kwa Mama kwa kuwa meza imejaa. Nikainua kichwa kunyoosha shingo, macho yakaangukia upindo wa kile kitambaa. Uzi ulikuwa wa kijani, sawa. Lakini ulikuwa kijani cha kabati langu, kile ninachoshonea sare za shule, na mshono wote ulikuwa umelalia kushoto. Nikapanda kitandani nikakinusa. Hakikunuka kitu. Nikaenda sebuleni nikakinusa cha pili, hali ni ileile.

Mama alikuwa uani anachambua mboga.

"Mama, vitambaa hivi kashona nani?"

"Kiwanda."

"Kiwanda nacho kina dole gumba bovu?"

Alitikisa mboga kwenye maji, akazikung'uta, akaziweka kando. Mama yangu akikosa la kusema huwa anafanya kazi vizuri zaidi.

"Nimempelekea mdogo wako," akasema mwishowe. "Vyake nimeleta hapa. Nimefumua uzi, nimebadilisha, yule mwenye miwani asije akaleta maneno."

"Umemvua mjukuu wako dawa."

"Nimemvua."

Nilisema mengi ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Nilimwambia siku zote ana mtoto mmoja tu, yule wa ng'ambo, na mimi ni mpangaji niliyezaliwa humu kwa bahati mbaya. Nilimwambia Kasuku akishikwa na homa nitamletea yeye amfukie. Aliacha nimalize yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa mzazi wa wote tuliokuwa tunagombewa pale.

"Kasuku akiugua anasema," akaniambia. "Anasema, bibi, kichwa. Tunambeba tunampeleka. Yule aliye tumboni atamwambia nani?"

Nikavua kanga niliyojifunga kiunoni, nikavuka ubao. Nilikuwa nakwenda kuvirudisha vitambaa vyangu, na nilikuwa nimeshayapanga na maneno.

Nilimkuta mdogo wangu amelala kwenye mkeka karibu na mlango, tumbo juu, miguu imevimba kidogo, anajipepea kwa mfuniko wa ndoo. Aliponiona alitabasamu. Ulikuwa umepita muda mrefu sijaona tabasamu lile, la tangu tukiwa wasichana.

"Dada, njoo unuse," akasema. "Vya kwangu vimeanza kunuka. Mama alikuja kunisaidia usafi, akasema ni joto, eti dawa imeamka. Kaniambia nisimwambie mtu, watu wana macho."

Nikanusa. Harufu ile ile ya kwangu, plastiki na mafuta ya taa. Uzi wa bluu kwenye upindo umelalia kushoto.

"Kweli vinanuka," nikasema.

"Nilikuwa silali, dada. Nikisikia mbu mmoja tu, moyo unaruka. Sasa nalala mpaka nachelewa kuamka."

Juu ya kitanda chake chandarua kilikuwa kimefungwa fundo, kinaning'inia. Nikamuuliza vipi. Akasema joto, na tumbo hili, akijifunika nacho anahisi pumzi inakwisha, kwa hiyo siku nyingine anakiacha juu. "Si dawa ipo," akasema.

"Kishushe."

"Nitashusha."

Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Sikufanya hivyo kwa wema. Hasira ilikuwa bado inanichemka, ila lile tabasamu lilinishinda. Tangu siku hiyo nikawa namlaza Kasuku mwenyewe. Nilijua kitambaa kilicho juu yake ni kitupu, kwa hiyo kila jioni kabla jua halijazama niliteremsha chandarua, nikakichomeka chini ya godoro pande zote, nikakikagua kama ninavyokagua zipu ya gauni la harusi. Palipotoboka nilishona. Kasuku alilalamika anafungwa kama gunia. Nilimwambia gunia haliumwi na mbu.

Bi Nyuzi alipita mara kadhaa na miwani yake. Alisogeza, akatazama, akasema kijani, sawa, akavuka ubao akasema bluu, sawa.

Homa ilimpata mdogo wangu mvua zikiwa zinaelekea kuisha. Asubuhi alikuwa anatetemeka, mchana akasema mtoto hachezi. Mume wake alikuwa kazini. Mimi na Mama tulimshika huku na huku tukampeleka zahanati, na kutoka pale gari la wagonjwa likatupeleka hospitali. Njiani alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo, anasikiliza kwa viganja.

Alizaa mtoto wa kike asiyepumua. Alikuwa amekamilika, ana nywele, ana kucha. Daktari, binti mdogo aliyekuwa amechoka sana, alitueleza kwa utaratibu: malaria ilijificha kwenye kondo la nyuma, ikaziba njia ya chakula na hewa ya mtoto. Mama yake angeweza asijisikie mgonjwa kwa muda mrefu huku mtoto anakosa. Mama yangu alimpokea yule mtoto kutoka kwa muuguzi. Alimfunga vizuri, akamfunika na uso, na wakati wote ule hakunitazama hata mara moja.

Mama mkwe alikuja msibani, akakaa, akala, akasema ya Mungu mengi. Wakati wa kuondoka alisema watazungumza hali ikitulia. Kila mtu alielewa ni mazungumzo gani.

Na mimi, katika siku hizo hizo, nilikuwa nasema bombani, mbele ya wanawake wa pande zote mbili, kwamba Kasuku wangu mvua nzima hajaumwa hata mafua. Nilisema kwa sauti. Nadhani nilitaka Mama asikie, aone kwamba alimvua mjukuu wake dawa na bado Mungu alimlinda. Ulimi hauna mfupa. Mdogo wangu alikuwa pale siku moja, na ndoo yake, akasema, "Mungu amkuze," akajitwisha akaondoka.

Basi ikafika siku ya matokeo. Damu zetu zilikuwa zimeshachukuliwa, mbu walionaswa kwenye mitego ya taa walikuwa wameshahesabiwa, na Mtaalamu akatuita tena uwanja wa shule. Wa kijani tulikaa upande mmoja na wa bluu upande mwingine. Hakuna aliyetupanga hivyo, tulishazoea. Mdogo wangu alikuja, akakaa na majirani zake. Mama alikaa kando yangu, mgongo umenyooka.

Mtaalamu hakuzunguka. Alisema, "Dawa ilikuwa kwenye vitambaa vya uzi wa bluu."

Upande wetu watu wakageukiana. Ng'ambo, muuza mkaa aliinuka akaanza kucheza, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaimba kwamba wateule ni wao. Ungedhani ni goli. Mtaalamu aliinua mkono, akangoja. Akasema anaomba radhi kwa jambo la harufu: ilitoka kwenye gundi iliyotumika kwenye vile vitupu, haikutakiwa kuwapo, na walipaswa kuishughulikia mapema. Akasema dawa imepunguza ugonjwa, lakini haikuumaliza. Kati ya watu watatu ambao wangeugua, ilimwokoa mmoja hivi. Akarudia kwamba hakuna kitambaa cha kumlinda mtu asiyelala ndani ya chandarua, na kwamba wamekuta nyumba nyingi, hasa za kijani, vyandarua vimekunjwa kabatini. Hapo wengi wetu tuliangalia miguu yetu.

Nililishika lile neno, mmoja kati ya watatu. Mpaka leo nalishika. Nikiamka vibaya najiambia pengine mdogo wangu angekuwa katika wale wawili ambao dawa isingewaokoa.

Kiganja cha Mama kilikuwa kimekamata nguo yangu kwenye goti. Sikukiondoa, na sikukishika.

Mdogo wangu alitungoja kwenye ubao. Watu walikuwa wanapita wakimpiga bega, "Hongera, bluu," bila kufikiri, halafu wanakumbuka na kuharakisha. Alitukaribisha kwake. Tukaingia, tukakaa. Vitambaa vilikuwa bado ukutani.

"Kumbe dawa nilikuwa nayo," akasema.

Akaviangalia vile vitambaa.

"Mimi nilikuwa najiambia, ni kwa sababu sikupata dawa. Ile harufu ilinipa moyo, lakini nikasema labda ni joto tu, labda ni kitupu. Nilikuwa na pa kushika. Sasa sina." Aliongea bila kulia, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. "Mambo ya gundi siyaelewi, uzi wangu ni wa bluu. Dawa ilikuwa ukutani, na bado. Watoto watatu sasa. Mama mkwe anakuja keshokutwa. Sitamsumbua. Nitamwambia mwanawe aoe, mimi nitarudi kwenu. Ni mimi, dada. Ni huu mwili."

Nikamtazama Mama. Nilijua nikifungua mdomo nitamtua mdogo wangu mzigo na kumtwisha mama yangu, na nikiufunga nitamwacha azikwe na uongo akiwa hai. Mdomo huu usioomba ruhusa, siku hiyo uliganda. Nilichoweza ni kumtazama tu.

"Nipe kigoda," Mama akasema.

Nikampa. Akapanda, akavuta kitambaa kimoja kutoka kwenye misumari, akateremka, akakaa. Akachomoa sindano kwenye kilemba. Akaanza kufumua upindo, mshono mmoja baada ya mwingine, na vipande vya uzi wa bluu vikawa vinamwangukia mapajani. Mdogo wangu alitazama bila kuelewa. Mama alipofika kwenye kona akamnyooshea.

"Nusa."

Akanusa.

"Hicho ni cha kijani," Mama akasema. "Ni cha kwa dada yako. Uzi nimeubadilisha mimi. Cha kwako kipo juu ya kitanda cha Kasuku, na kingine sebuleni. Nilivichukua ile siku niliyokuja kukufanyia usafi. Niliamini nakuletea dawa." Akairudisha sindano kwenye kilemba. "Mwili wako hauna kosa, mwanangu. Usimwambie mtu una kosa. Kosa ni langu."

Nje muuza mkaa alikuwa bado anaimba. Mdogo wangu alikishika kile kitambaa kwa muda mrefu. Alikinusa tena, polepole, kama anayetaka kuhakikisha, halafu akakikunja vizuri mara mbili, akakiweka sakafuni kati yao.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku uliyoniambia ninuse."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekaa tayari kutukanwa.

"Ungeniuliza, Mama," akasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo," akasema. "Ningekataa. Nisingemvua mtoto wa dada dawa nikamvisha wangu. Ningekwambia virudishe." Akainua macho kwenye chandarua. "Na ningeshusha chandarua kila siku, kwa sababu ningejua vya kwangu ni maji."

Mama alifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Nimemwona Mama akizika mume, akizika ndugu, na siku ile hospitali nilimwona akimpokea yule mtoto. Sijawahi kumwona akijificha uso. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga kwa mikono miwili akidhani anamnywesha mtu mwenye kiu.

"Keshokutwa utakuwepo hapa," mdogo wangu akamwambia. "Mama mkwe akishakaa, utamwambia maneno haya haya. Na kitambaa utampa anuse."

"Nitamwambia."

"Na mume wangu atakuwepo."

"Nitawaambia wote."

Hapo tukasikia miguu inakimbia kwenye ubao, na Kasuku akaingia anahema, tope mpaka magotini.

"Mama, bluu wameshinda! Sisi tumeshindwa, lakini yule mwenye mkaa kasema naweza kucheza tu." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa nini bibi amejifunika?"

Kasuku akikosa jibu kwa mmoja huwa anahamia kwa mwingine. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, akajitupa mapajani kwake kama alivyozoea, na tope lake lote. Mdogo wangu aliinua mikono juu, mbali naye, kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Niliinuka nimchukue.

"Mwache," akasema.

Akashusha mkono mmoja. Akageuza kiganja, akamgusa kwa mgongo wa mkono kwenye paji la uso, kisha shavuni, kisha chini ya shingo, pale ambapo joto huwa halidanganyi. Alikaa hivyo kwa muda, anapima, na Kasuku kwa mara moja katika maisha yake akatulia.

"Hana homa," akasema.

Akaurudisha mkono palepale kwenye paji la uso, na hakuuondoa.